Maziwa ya Ijumaa

"Tangu lini maziwa yakapimwa kwa mizani kama viazi?" Hajati Inshirah aliuliza, midomo kaibenua.

Nagwa, mke wa mwanawe, aliweka jagi tupu juu ya mizani, akarudisha mshale kwenye sifuri, akamimina maziwa mpaka kwenye alama ya lita.

Miaka mitatu Hajati alikuwa akimvumilia msichana huyu wa mjini, na sasa alikuwa amechoka naye. Kila Ijumaa alfajiri alimkamua nyati wake wa kufugwa kule kijijini, akampa mwanawe Ragab maziwa mazito ayapeleke nyumbani kwake mjini Tanta. Na kila Ijumaa mke huyu aliugeuza wali wa maziwa ukawa uji wa mgonjwa. Mtoto hana, mapishi hana! Leo Hajati alikuja mwenyewe ndani ya bajaji ya Ragab, kopo la maziwa kalipakata, wala hakumruhusu asimame njiani hata kununua mikate. Wali usiposhika leo, Nagwa angerudi kwa baba yake. Ragab alikwisha apishwa.

"Kwetu jagi moja ni kilo moja," alisema Hajati. "Hatukwenda shule, lakini tunapika kikalika."

"Jagi la maji ndilo kilo, mama. La maziwa lazima lizidi." Nagwa aliinama kusoma. "Leo gramu elfu moja na thelathini. Ijumaa iliyopita ilikuwa elfu moja na kumi na tano. Ya kabla yake vivyo hivyo. Nimeandika."

"Umeandika! Mwenzetu kaolewa na mizani."

Ragab alikohoa, akasema anatoka kidogo. Mama yake akamwamuru aketi.

Wali ukatokota, ukashika, mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria. Hajati alionja, akaguna, kisha akacheka cheko la kumsuta mtu.

"Haya! Nyati yule yule, mchele ule ule, mpishi yule yule. Kilichozidi leo ni macho yangu tu. Kumbe kila wiki unauza maziwa ya mwanangu, halafu unajazia maji ya bomba! Mwizi mkubwa we. Ragab, mpe talaka yake, hapa hapa, nisikie."

Nagwa alimtazama mumewe. Neno moja tu la kumtetea lingemtosha. Ragab alikuwa akitazama viatu vyake.

"Tamka!"

Mlango ukagongwa. Nagwa akaenda kufungua, machozi yakimlengalenga. Nje alisimama mwanamke kijana, mtoto mdogo kamlaza begani.

"Samahani, wifi," alimwambia Nagwa. "Mwambie kaka yako Ragab leo katupita bila kutuachia maziwa. Mwanawe analia tangu asubuhi."