Jiwe la Njia Panda

Siku hizi mawe husema. Anayelikwangua jiwe kuvu husikia neno alilolinong'oneza msafiri alipoliweka njia panda, kisha jiwe hunyamaza milele. Ndiyo maana Wakesho alikuwa akifyeka vichaka kwenye marundo ya mawe ya njia panda za msitu wa Taita mwaka wa sita huu, akilitafuta jiwe la mama yake, aliyeondoka nyumbani alfajiri moja bila kuaga.

Mwenzake wa kazi, Mghalu, hakuishiwa utani.

“Huyu aliomba mke asiyesengenya,” alisema, akilitupa jiwe kando. “Masikini, kafa kapera!”

“Mwache marehemu. Wewe uliyeoa, mkeo ndiye wa kuhurumiwa.”

Mghalu akaokota jingine, akalikwangua huku angali anacheka. Ghafla akaacha kucheka.

“Wakesho. Ni mama yako. Kajitaja jina.”

Wakesho akampokonya jiwe, akalibana sikioni. Kimya.

“Kasema nini?”

Mghalu aliyatazama majani. “Kakuombea heri tu, dada yangu.”

Wakesho alitamani sana kuamini. Lakini jioni ile Mghalu alimbebea panga na kikapu mpaka mlangoni, na njia nzima hakumtania hata mara moja.