Kalenda ya Bi Saada

Bi Saada alichukua kipande cha mkaa jikoni, akaikata siku nyengine kwenye kalenda ya ukutani.

"Sitini na mbili," alisema. "Bado ishirini na nane, mwanangu. Mie nilipoachwa na babaake Suhail nilikuwa mtu mzima, nishaota mvi, nikaikaa miezi yangu mitatu hivihivi kwa mkaa. Wala sikufa."

Siti alicheka kidogo, vidole vikiendelea kusuka ukili.

Alikuwa hajatoka nyumba ile ya Wawi tangu aachwe. Kabla ya hapo alikwenda Wambaa kumuuguza babaake, akalala siku mbili bila ya ruhusa. Suhail, mumewe, akamtumia sauti kwenye simu: nimekuacha, talaka moja. Kisha akahamia Wingwi kwa nduguye Fahmi, akamwachia nyumba na mamaake, mke akae eda.

Njia ya kurudi ilikuwapo. Maadamu eda haijesha, mume husema tu "nimekurejea", yakaisha. Halipi mahari, hamwombi mkwe. Eda ikesha, ndoa huwa mpya, na ndoa mpya ataifunga baba. Na Mzee Msellem, babaake Siti, alikwisha kuapa msikitini mbele za watu: binti aliyeachwa kwa simu, kosa lake kumuuguza baba, hamwozi tena kwa mtu yule, wallahi.

Basi Siti alikuwa akingoja neno moja tu. Wiki ya kwanza alilia. Ya pili machozi yalimchosha, akatazama ndani ya nyumba kuna nini. Magunia makuukuu ya karafuu akayageuza mito. Debe bovu akalifanya tanuri, akaoka mikate iliyomtoa Bi Saada kitandani kabla ya jua. Kisha akatia miyaa rangi, nyengine kwa manjano, nyengine kwa maganda ya mkoko, akaanza mkeka ambao Wawi hawajauona: safu za madirisha madogo, kila moja limefunguliwa nusu.

Jirani yake, Nusaiba, alikuja kuutazama akashika kiuno.

"Hebu n'ambie, mambo haya wayatoa wapi, nawe hutoki?"

"Ningekuwa natoka, dirisha ningelisuka la nini?"

Ulikuwa mkeka mpana, wa chumbani, wa watu wawili. Hilo Siti hakulisema, na Nusaiba, kwa maneno yake yote yale, siku hiyo hakuuliza.

Jioni Bi Saada alimpigia mwanawe, simu kaiweka sauti ya juu.

"Wee Suhail! Mwenzio kaifanya nyumba pepo, weye walala kwenye ukumbi wa watu, walisha mbu!"

"Nitakuja, mama. Mwache akome kidogo."

"Akome nini? Kakoma zamani. Aliyebaki ni weye."

Suhail alicheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kuamua ila anaona haya kuonekana ana haraka. "Siku si zipo, mama?"

"Zipo. Nazikata mwenyewe."

Ilipotimu siku ya sabini, Siti alisema bila ya kuinua uso, "Mama, mwambie asingoje sana."

"Haraka ya nini? Siku ishirini nzima!"

Kuna mambo mwanamke hamwambii mama wa mume. "Basi tu, mama."

Kesho yake alisema tena. Siku ya sabini na tano akamtuma Nusaiba naye aseme. Bi Saada akacheka mpaka akafuta macho. "Mapenzi haya! Mwache mtoto wa kiume amalize ujinga wake, atakuja."

Jumatatu, siku ya themanini, Siti aliamka kabla ya adhana, akakaa msalani muda mrefu. Siku hiyo ukili hakuugusa. Alasiri Bi Saada alimkuta kwenye mswala, kasujudu, muda mrefu hata akadhani kalala.

"Omba, mwanangu," alinong'ona, akanyata akatoka.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, bajaji ilisimama mlangoni. Alishuka Suhail, kakonda, doti ya kanga kwapani. Nyuma yake Fahmi, na nyuma ya Fahmi Shehe Masoud.

"Bado siku sita, mama! Nimewahi!"

Bi Saada alikuwa keshajaza pumzi apige kigelegele. Shehe akamwinulia mkono.

"Ngoja kwanza. Miezi mitatu ni ya mtu mzima kama wewe, Bi Saada, usininunie. Mwanamke kijana eda yake ni twahara tatu, usafi wa baina ya damu na damu. Akiiona damu ya tatu, mlango ushafungwa, si mkewe tena. Na hilo hapana alijuaye ila mwenyewe. Neno lake ndilo neno." Akageukia pazia la chumbani. "Siti, binti yangu, usione haya. Ya tatu umeiona?"

Suhail alimtazama Shehe, akamtazama mamaake, akaitazama kalenda. Uso ulimsawijika.

"Mie sikujua," alisema. "Mie nahesabu miezi."

Nje, dereva wa bajaji alizima injini.

"Bado, Shehe," ilisema sauti ya Siti.

"Alhamdulillahi! Basi shuhudieni, nimemrejea mke wangu!"

Bi Saada alipiga kigelegele, Nusaiba akakipokea kutoka ua wa pili. Suhail aliliinua pazia, akaingia na kanga zake, analia na kucheka pamoja, akamnyooshea mkono mkewe.

Siti akampa wake. Tangu Jumatatu alfajiri, hakuwa mkewe tena.