Kabula wa Kambi Tatu

Orodha ilirudi kutoka Morogoro kwa mara ya pili, na safari hii jina moja lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu mahali patatu.

Kabula Mashimba, kambi ya Mlabani. Kabula Mashimba, kambi ya Kisawasawa. Kabula Mashimba, kambi ya Kidatu. Chini kabisa mkubwa fulani ameandika: "Ondoa wanaojirudia, ndipo unga utoke."

Remigius aliitupa ile karatasi mezani. Kaya zaidi ya mia sita zilizokimbia mafuriko ya mwaka ule wa tisini na nane zinalala kwenye madarasa na maghala. Unga umebaki wa siku nne, lori limeshapakiwa, linasubiri karatasi yake safi. Karani wa misaada bonde zima ni yeye peke yake, na pikipiki moja isiyo na breki ya nyuma, na bado anarudishiwa kazi kama mtoto wa darasa la tatu. Kisa, mwanamke mmoja!

"Mtu mmoja atalalaje kambi tatu?" alimuuliza Febronia, mtunza ghala wa Kisawasawa, alipofika kesho yake Jumatano akiwa na tope hadi magotini.

"Halali, kaka. Anapita tu. Siku ya kusoma majina anakuja, anasikiliza mpaka mwisho, halafu huyo, anaondoka kwa miguu."

"Anahakikisha jina lake lipo. Mjanja huyo! Na unga wake?"

Febronia alionyesha kwa kidevu. Pembeni ilisimama mifuko miwili yenye jina la Kabula kwa chaki. Haijafunguliwa.

"Si unaona? Anajiwekea akiba aje auze."

"Mimi sijui, kaka. Kila nikimwambia achukue, anasema atarudi."

Kusoma majina ndiko kulikomchosha Remigius kuliko hata barabara. Jumatatu Mlabani, Jumatano Kisawasawa, Ijumaa Kidatu: anapanda juu ya benchi, anasoma orodha ya kambi kwa sauti, na kila kaya iitikie "nipo" ndipo ipewe mgao. Na wasiohusika nao wanajazana! Wengine wametoka ng'ambo ya mto huko, hawana kadi, hawaombi chochote, wametega masikio tu kama watu wanaosubiri taarifa ya habari redioni. Amewafukuza mara ngapi? Wanarudi nyuma hatua mbili, wanasimama tena.

Siku hiyo alisoma akiwa amekunja uso.

"Kabula Mashimba!"

"Nipo, baba."

Alikuwa mwanamke mwembamba, mguu mmoja umefungwa kitambaa, viatu hana. Remigius aliruka kutoka kwenye benchi.

"Mlabani upo, Kidatu upo, na hapa upo! Una miili mingapi wewe?"

Watu wakacheka. Mwanamke akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Nisamehe. Ng'ombe wote walikwenda na maji, sina…"

"Nani hapa ana ng'ombe? Watu watalala njaa kwa ajili yako!"

"Basi niachie hata jina moja, baba. La Kidatu tu. Kule mabasi yanapita."

"Eeh, ya kubebea unga wa kuuza, siyo?"

Morogoro walitaka abakize jina moja. Lakini Remigius alikuwa amechoka, jamani, amechoka na tope, na barua za wakubwa, na kuonekana mjinga. Alitoa kalamu akalifuta jina kambi zote tatu, mbele ya macho yake, liwe funzo kwa wengine. Jioni lori la mbao lilipopita kwenda Mikumi, aliwaambia mgambo wawili wampandishe. Akifika Mikumi atafute basi la kwao Shinyanga.

Kabula hakubishana. Alikaa juu ya mbao akiangalia nyuma, upande wa Ifakara, mpaka lori likapotea kwenye kona.

Karatasi safi ilikwenda, na Jumapili lori la unga likaingia. Watu walishangilia, wengine wakampa Remigius mkono. Jumatatu alisoma Mlabani bila tatizo. Jumatano alisoma Kisawasawa. Ijumaa alimaliza Kidatu, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, hesabu ilikubali, kaya kwa kaya, mfuko kwa mfuko. Akashusha pumzi. Kumbe kazi inawezekana, watu wakinyooshwa!

Alikuwa anafunga daftari alipomwona mwanamume mmoja kati ya wale wasikilizaji wake wasio na kadi, mrefu, ameegemea fimbo ya kuchungia. Sura hiyo aliijua.

"Wewe! Jumatatu nilikuona Mlabani, juzi Kisawasawa. Na wewe unatafuta kambi tatu?"

"Hapana, mzee. Shikamoo. Nimevuka mto Jumapili, sikutaka kujiandikisha popote mpaka nisikilize kwanza. Sasa nimemaliza. Niandike."

Siku nyingine angemfukuza. Lakini leo alikuwa na furaha yake, akafungua ukurasa mpya.

"Jina la mkuu wa kaya?"

"Mashimba."

Remigius aliliandika nusu, akainua uso. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi.

"Watu wangapi?"

"Tulikuwa wawili, mimi na mke wangu," alisema yule mwanamume. "Lakini majina nimeyasikiliza kambi zote tatu, mzee, mpaka la mwisho. Andika mmoja."