Mjibu Wateja wa Fungo

Paliondokea Fungo mmoja aliyeuza manukato yake ya zabadi mtandaoni, na wateja walipozidi akahitaji wa kuwajibu. Kanga aliomba mshahara wa kila mwezi. Kasuku aliridhika na njugu tu. Fungo alikuwa amemaliza bajeti yote kwenye matangazo, basi akamchukua Kasuku.

Kasuku hakumnyima mteja neno tamu. Chui alipouliza kama manukato yale yangemficha asinuswe na swala, alijibiwa, "Bila shaka, mpenzi."

Haukupita muda Chui akabisha hodi, mbavu nje.

"Swala wananikimbia wakiwa bado ng'ambo ya bonde," alisema. "Harufu yako inanitangulia."

"Kasuku ndiye aliyekuahidi, si mimi," Fungo alisema.

"Nilinunua dukani kwako."

Fungo akatoa nyama yote aliyojiwekea akiba ya masika. Chui akaila mpaka mfupa wa mwisho, na Fungo akashukuru kwamba ilimtosha.

Mgeni alipoondoka, Fungo alikwenda moja kwa moja kwa Kanga akakubali mshahara wake.

"Nikiulizwa nisilolijua, nijibu nini?" Kanga aliuliza.

"Sema hujui," Fungo akamwambia. "Hilo hasa ndilo nitakalokulipia."