Kitako Kilichokatwa

Muuza bunduki aliiegemeza begani bunduki ya mitutu miwili aliyoletewa ainunue, akakunja uso.

"Mitutu mizima, Mzee Chambuso, lakini kitako kimekatwa. Hapo bei inashuka nusu. Nani alikikata?"

"Mimi. Mkono wa binti yangu ulikuwa haufiki kwenye kifyatulio. Nilimwahidi akirefuka nitakirudishia."

"Kipande kipo?"

Chambuso akakitoa mfukoni, kijibao cha upana wa vidole viwili, kimelainika kwa kushikwashikwa. Muuza bunduki akakipachika kitakoni, kikakaa barabara. Akachangamka.

"Gundi tu, mzee wangu, na bei kamili utapata! Binti naye sasa mrefu, eti?"

"Hakuwahi kurefuka."

Chambuso akakichomoa kipande taratibu, akakirudisha mfukoni.

"Nipe hiyo nusu," akasema, mkono ungali mfukoni.