Rangi ya Mwanzo

Fundi alikwangua ukuta wa ghorofa kuukuu polepole, mahali pasipozidi kiganja, na magamba ya rangi yakaelea kwenye mwanga wa dirisha kama maua. Alitumwa atafute rangi ya mwanzo, ili jengo lirudishwe lilivyokuwa na kila kilichokuja baadaye kiondolewe. Wapangaji walishaanza kuulizana kama na wao wanahesabiwa kati ya vilivyokuja baadaye.

Mshona mapazia, mwenye chumba hicho, alisimama nyuma yake, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni.

"Kijani hiyo tulipaka kitindamimba wangu alipozaliwa," alisema, kama anayeota. "Njano ni ya marehemu mume wangu. Aliikoroga vibaya, tukacheka mbavu hatuna."

Kisu kikafika kwenye rangi ya waridi. Chumba kizima kikawa kama kimepata joto.

"Hiyo nilipaka mwenyewe, siku tuliyohamia."

"Mama, nimeambiwa nifike mwisho."

"Fika, baba. Ila chini ya hapo sisi hatumo."

Pembeni mwa waridi, kijivu kilikuwa kimeshachungulia. Fundi alikiona. Mama naye alikiona.

Fundi alipangusa kisu kwenye suruali, akakikunja. Kisha akachukua fomu, na penye rangi ya mwanzo akaandika kwa herufi kubwa: WARIDI.