Sloti Mpya

Nondo ikashuka tena, na muuza duka akaanguka kifudifudi juu ya kaunta yake. Damu iliruka hadi kwenye makopo ya rangi rafuni. Fundi wa kompyuta akasimamisha video.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo muuaji anapogeukia kamera."

Mteja alikuwa ameshatazama pembeni kabla nondo haijashuka. Pandikizi la mtu, mabega yanaziba mlango. Fundi alimbatiza Jeba hapohapo. Alikuwa ameingia na kisanduku cha kurekodia video za kamera za duka, nyaya zake zimekatwa kwa kisu, akauliza swali moja tu: uso wa mwenye nondo unaweza kuonekana?

"Marehemu ni ndugu yako?" fundi alimuuliza. Jeba aliinamisha kichwa. Fundi akampa pole, na roho ikamuuma kweli.

Akanakili video kwanza, maana fundi mwenye akili hagusi kitu cha mteja kabla ya kunakili. Kisha akaiwasha programu ya kusafisha picha. Kompyuta ikaunguruma, ikakwama, ikazimika. Alipojaribu tena, uso ulibaki doa la kijivu.

"Kadi ya grafiki ninayo, tena mpya," alieleza kwa aibu. "Tatizo ni bodi. Sloti yake, tundu la kuchomekea kadi, ni ya zamani, kadi haipati njia. Ni kama kunywa uji mzito kwa mrija."

"Kwa hiyo hauonekani?"

"Kwa mashine hii, hauonekani."

"Na polisi je?"

"Polisi! Kompyuta zao ninazitengeneza mimi. Hata hilo doa hawalipati."

Jeba akaupiga ukuta ngumi, plasta ikamwagika. Kisha akacheka, machozi yakimtoka, vifundo vya vidole vikichuruzika damu. "Basi tuache, fundi."

"Lakini ukibadilisha bodi..."

Jeba akamkaba shati na kumbana ukutani hadi miguu ikaning'inia. "Nimesema tuache!" Akamwachia, akachukua kisanduku chake, akaondoka. Fundi alibaki akikohoa, wala hakumlaumu. Aliyepigiwa nduguye namna ile atakuwaje na adabu?

Sasa, bodi mpya ilikuwepo, yenye sloti mpya, ndani ya boksi juu ya kabati. Fundi na mkewe walijinyima mwaka mzima kwa ajili yake, wafungue kazi ya video za harusi. Tangu waipate, fundi alikuwa akiahirisha kuifunga: mara sloti ya zamani bado inasukuma siku, mara akiunguza kitu watalia wote wawili. Jioni hiyo akaishusha.

"Wewe, una wazimu?" mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Bodi yetu, kwa mtu asiyejulikana?"

"Nataka tu kumsafishia picha. Ana msiba, mke wangu. Mchukulie kama shemeji yako."

"Haya bwana. Mashemeji zako hawaishi."

Video yenyewe hakumwonyesha. Mwanamke yule akiona damu ya kuku tu, chali.

Asubuhi bodi ilikuwa imeshafungwa. Kadi ikakaa kwenye sloti mpya, klik, na programu ikaanza kukimbia utadhani imefunguliwa minyororo. Fundi akajipigia makofi. Akampigia Jeba simu kwa namba aliyoiacha jana.

"Njoo! Nilibaki na nakala. Nimebadilisha bodi, sasa hivi tunamnasa mshenzi huyo!"

"Umemwonyesha nani?"

"Hata mimi sijamwona. Nakungoja wewe."

Jeba hakuchelewa. Aliingia na koti zito, mkono mmoja ndani ya koti, akafunga mlango wa nje nyuma yake na kutia komeo. Fundi akaelewa: mtu hataki kulia mbele za watu.

"Sikiliza, ndugu yangu," alimwambia kwa upole. "Najua umebeba kitu humo. Ukimwona, usiende kumuua. Tumpeleke polisi, anyongwe kihalali."

"Fanya kazi yako, fundi."

Fundi akaianzisha programu, akapiga magoti chini ya meza kukaza feni iliyoanza kupiga kelele. Juu yake picha ilikuwa ikijisafisha: kidevu, mdomo, pua. Alimsikia Jeba akihema karibu sana na mgongo wake, akamhurumia.

Mlango wa ndani ukafunguliwa kwa kisigino. Mkewe akaingia na sinia la chai, uso mkunjufu, maana kinyongo cha bodi kilikuwa kimeshamtoka. Akatazama skrini, akamtazama mgeni.

"Karibu chai, shemeji," alisema. "Na picha yako imetoka safi, jamani! Ila ungetabasamu kidogo."